Mstari wa kalamu kwenye mguu wa mama mdogo

Mama mdogo alijikata mguuni kwa jiwe la lava hapa Majengo, Goma, na kwa kuwa kidonda kilikuwa kidogo kama punje ya hindi, kituo cha kwanza kilimpa parasetamoli kikamrudisha nyumbani. Usiku alilia kwa maumivu yasiyolingana kabisa na kile tulichokiona kwenye ngozi. Hiyo ndiyo dalili ya maambukizi ya bakteria yanayoua nyama ya mwili, na tulipaswa kuiheshimu mapema. Asubuhi, hospitalini, daktari alizungushia uvimbe mstari wa kalamu (kwenye ngozi nyeusi kama yetu wekundu hauonekani upesi), na baada ya saa moja tu uvimbe ulikuwa umeuvuka. Malengelenge yenye maji meusi yalikuwa yametokea, na ngozi ilipobonyezwa, gesi ilitoa mlio mdogo chini ya kidole. Hakusubiri majibu ya maabara: alimwekea penisilini na klindamaisini kwenye mshipa, kisha akampasua na kuondoa nyama yote iliyokufa, kwa sababu dawa husafirishwa na damu, na damu haifiki tena kwenye nyama hiyo. Alirudishwa chumba cha upasuaji mara mbili. Jana walimbandika ngozi iliyotolewa pajani; leo ameomba bugali na samaki wadogo wa sambaza.