Sarara si mbavu

Mimi ni mtu wa mbuzi. Nimekulia Arusha, na kwetu kuchoma nyama ni kukaa: mbavu ziko juu ya mkaa mpole, stori zinapigwa, saa moja na ushee ikipita ndipo mtu anashika kisu na ubao. Kwa hiyo shemeji alipokuja likizo akanunua sarara nzima kwa ajili ya Jumapili (wengine wanaiita fileti), niliifanyia yaleyale ninayowafanyia mbuzi. Dakika 45. Ikatoka nyeusi nje, kijivu ndani, unatafuna kama kandambili. Mama mkwe alikula kimya, halafu akauliza kama kuna supu.

Kesho yake nikapita buchani kulalamika. Kijana wa pale akanisikiliza mpaka mwisho. "Kaka, uliichoma dakika ngapi?" Nilipomwambia, akacheka hadi akaweka panga chini.

Akanionyesha kwenye paja la nyuma lililoning'inia na kipande cha mgongo. Sarara inalala kwa ndani, chini ya uti wa mgongo, karibu na figo. Ng'ombe anayetoka malishoni Monduli anatembea kwa miguu, anainamisha shingo siku nzima, lakini msuli ule haubebi mzigo wowote wa maana. Ndiyo maana ni laini toka mwanzo. Mbavu na shingo zina kano nyingi, zinataka moto wa taratibu ili zilegee. Sarara haina cha kulegezwa, wala haina mafuta ya kuilinda ukiikawiza. Kila dakika ya ziada unaikausha tu.

"Halafu mlichinjiwa asubuhi, mkachoma mchana," akaongeza. Hapo ndipo aliponikamata, maana sisi sifa ya bucha ni nyama ya leo. Kumbe nyama ikishachinjwa hukakamaa kwa saa kadhaa, kisha hulegea yenyewe ikikaa kwenye ubaridi siku mbili tatu.

Mara ya pili nilichukua sarara Alhamisi, nikauliza kama ina muhuri wa mkaguzi, nikaiweka chini kabisa kwenye friji bila kuifunika kwa nailoni. Jumapili ilikuwa imekauka kwa nje na rangi imekolea. Nikatoa ule utando mweupe unaong'aa kwa kisu chembamba, maana hauivi hata ukiuchoma mpaka kesho, unajikunja tu na kuivuta nyama. Nikakata vipande vya unene wa vidole viwili. Chumvi niliipaka saa nzima kabla. Ukiipaka dakika 10 kabla ya moto utakuta maji yamesimama juu ya nyama. Ukivumilia, maji yale yanarudi ndani na chumvi yake. Kabla ya kuweka jikoni nikaifuta kwa kitambaa safi, kwa sababu nyama yenye maji inachemka kwanza, haipati ule ukoko wa kahawia. Ndimu niliiacha kwenye kachumbari.

Ninachomea kwenye pipa la nusu alilonikatia fundi wa kuchomelea. Mkaa wote nikausogeza upande mmoja, nikauwasha kwa magunzi, mafuta ya taa hapana, harufu yake haitoki. Nikasubiri majivu yaufunike. Ukiweka kiganja juu ya wavu na huwezi kuhesabu zaidi ya tatu, moto umefika. Dakika 2 upande huu, 2 upande ule, kisha nikahamishia vipande upande usio na mkaa nikafunika kwa sufuria kuukuu.

Shemeji alikuwa anavibonyeza kwa vibanio kila saa. Mchuzi unachuruzika motoni, tssss, anafurahia moshi. Nikamnyang'anya vibanio.

Sasa suala la kuiva. Wapo wanaoila nyekundu kabisa, na ni kweli ni laini zaidi. Mimi siwafuati, kwa sababu ya tegu: vifuko vyake hukaa ndani ya nyama ya ng'ombe, na nyama isiyofikia nyuzi 60 huweza kuviacha hai. Idara ya Kilimo ya Marekani inashauri nyuzi 63 kwa kipande kizima, kisha kipumzike dakika 3 (nyama ya kusaga ni 71). Nilishanunua kipimajoto cha sindano kwenye duka la vifaa vya keki, nikakichoma kwa ubavuni mpaka katikati ya kipande. 63 ilipofika nikatoa. Ndani palikuwa na wekundu wa mbali, kama ndani ya pera.

Nikaacha vipande dakika 8 chini ya bakuli, kwenye sahani niliyoipasha moto, maana baridi ya Julai huku Sakina haina huruma. Nikakata nikikatisha nyuzi za nyama.

Mama mkwe alichukua kipande cha pili bila kuulizwa. Baba mkwe alipoona ule wekundu akasukuma sahani. Bahati nzuri nilikuwa nimeuchoma mkia wa sarara, ile ncha nyembamba, na wenyewe ulikuwa umeiva kabisa kwa wembamba wake. Nikamwekea. Siku hizi akija anauliza kwanza: "Mkia wangu umeuweka?"