Mkanda mwekundu kwenye kifundo cha mkono

Jumanne usiku nilikuwa nakata vipande vya DNA kwenye jeli, juu ya taa ya urujuanimno. Ni kazi ya dakika tano. Kwangu ilikaribia nusu saa, maana wembe ulikuwa butu nami mbishi. Kioo cha uso nilivaa, glavu nilivaa, koti nilivaa. Nilichosahau ni ile nafasi ya vidole viwili kati ya glavu na mkono wa koti. Asubuhi nikaamka na mkanda mwekundu umezunguka mkono kama bangili, unawaka. Dada akaniuliza kama nimemwagikiwa uji.

DNA yenyewe nayo haikupona. Niliipandikiza kwenye bakteria na sahani haikuota hata koloni moja, yaani hata kikundi kimoja cha bakteria.

Tulichofundishwa wote ni kwamba mionzi ya UVB, aina mojawapo ya urujuanimno, ikizikuta thaimini mbili (T, mojawapo ya herufi nne za DNA) zimekaa jirani kwenye uzi mmoja, inazigandisha pamoja. Seli hukata kipande hicho na kutia kiraka. Mchoro wa darasani ni ngazi iliyosokotwa, basi, kana kwamba DNA haijui mkao mwingine.

Wakati inao. Ncha za kromosomu zetu, telomea, ni herufi TTAGGG zikijirudia maelfu ya mara. Uzi ule wenye guanini, yaani hizo G, ukiwa peke yake hujikunja: guanini nne zinashikana mraba, miraba inapandana, ioni za potasiamu zinakaa katikati kuishikilia. TTA zinabaki nje kama vitanzi. Mraba huo wa guanini ulielezwa tangu 1962, na mwaka 2013 kundi la Shankar Balasubramanian kule Cambridge likaonyesha mikunjo hii ndani ya seli za binadamu. Hata jeni la MYC, lile maarufu kwa saratani, lina kipande cha namna hiyo pale linapowashiwa.

Sasa piga UVB hapo. Mwaka 2009 maabara ya John-Stephen Taylor, St. Louis, Marekani, iliripoti kwamba kwenye mchanganyiko wenye potasiamu, thaimini za vitanzi viwili tofauti ziligandana. Kwenye uzi ulionyooka hizo hazigusani kabisa! Tena ziligandana zikiwa zimeelekeana kinyume, mkao ambao ngazi ya kawaida hairuhusu.

Aliyewahi kukaa kwenye cherehani ataelewa upesi. Umeshona shati, kumbe chini ya sindano kitambaa kilikuwa kimejikunja, uzi ukapita tabaka mbili. Ukilifungua, ule mshono wa makosa ndio unaokuambia lilikunjwa vipi. Hiyo ndiyo inayonifurahisha kuliko yote: jeraha limekuwa shahidi wa umbo. Ni kweli, ile ilikuwa DNA kwenye neli, si kwenye ngozi ya mtu.

Ngozi yangu mimi imeanza kubambuka leo. Sasa nafunga glavu na koti kwa plasta, na nimenunua pakiti nzima ya nyembe.