Safari hii nilitaja mimi kwanza

Jana nimetoka kwenye mazungumzo ya kuongeza mkataba wangu wa kazi, na bado nayafikiria. Mwaka juzi, mezani hapo hapo, niliingia na wazo moja tu kichwani: akipata bosi, nakosa mimi. Nikakunja mikono, nikasubiri ataje kiasi. Akataja. Kuanzia hapo sikutoka tena kwenye namba yake. Nikaomba aongeze kidogo, nikashukuru, nikasaini.

Wanasaikolojia Amos Tversky na Daniel Kahneman walilionyesha hili mwaka 1974. Watu walizungushiwa gurudumu la namba, kisha wakaulizwa nchi za Afrika ni asilimia ngapi ya Umoja wa Mataifa. Walioangukiwa na 10, kisio lao la kati lilikuwa 25. Walioangukiwa na 65, 45. Na hiyo ni namba isiyohusiana na swali kabisa! Sembuse ya bosi.

Jana nilitaja mimi kwanza, sababu zangu zikiwa kwenye karatasi. Halafu nikauliza: "Bosi, kwa upande wako kigumu ni kipi hasa?" Akavua miwani, akayafikicha macho, akasema bajeti ya mwaka huu imeshafungwa, ila ratiba anaweza kuigusa. Mama yangu anaumwa. Muda nauhitaji kuliko fedha. Tumekubaliana siku nne kwa wiki, mshahara ule ule, na nyongeza tutaijadili bajeti mpya ikija. Mwaka juzi swali hilo lisingenitoka mdomoni.