Neno "kuyeyuka" lilivyoniponza kwenye Kemia

Nilirudia mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, na somo lililonirudisha ni Kemia. Siyo kwamba sikusoma. Aina za bondi, yaani vifungo vinavyoshikanisha atomi, nilizikariri kama sala: ya ioni (atomi zenye chaji ya umeme), elektroni hutolewa na kupokelewa, ya kovalenti, atomi huchangia elektroni, ya metali, elektroni huzurura. Ila nikiulizwa kwa nini kitu fulani huyeyuka upesi, jibu langu lilikuwa moja tu: bondi za kovalenti ni dhaifu. Nakosa, halafu nashangaa.

Aliyenifungua macho ni shangazi, muuza kashata, na wala hakujua. Jioni moja nilimkuta anayeyusha sukari. Ililainika pembeni mwa sufuria, ikawa majimaji, ikaanza kuchukua rangi ya asali. Nikajiuliza, chumvi je? Alipokwenda kuoga nikabandika kikaango, nikamwaga chumvi. Ikaanza kutatarika na kurukaruka, nikajua sasa mambo tayari. Kumbe ni unyevu tu uliojificha ndani ya chembe. Dakika ishirini zikapita, kikaango kinafuka moshi, chumvi nyeupe vilevile.

"We mtoto, hiyo chumvi imekukosea nini?" Shangazi huyo, kanga kifuani.

Nikaimwaga kwenye bakuli, ilipopoa nikaitia maji. Ikapotea mara moja. Hapo ndipo niliposhtuka. Kwa Kiswahili chetu chumvi "imeyeyuka" kwenye maji, na mshumaa nao "umeyeyuka" kwa moto. Neno moja, kazi mbili, na mimi nilikuwa nazichanganya miaka yote. Kwa moto peke yake chumvi inataka nyuzi 801 za Selsiasi, maana kila ioni ya sodiamu imezungukwa na sita za klorini, na kila ya klorini na sita za sodiamu. Jiko la mkaa la shangazi lisingeifikisha huko kwenye kikaango. Maji ndiyo huzizunguka ioni moja moja na kuzing'oa.

Tangu siku hiyo nikaacha kuuliza "bondi gani?" nikawa nauliza "nini kinaachia nini?" Mshumaa ukiyeyuka, hakuna bondi ya kovalenti iliyovunjika. Molekuli, yaani vikundi vya atomi zilizoungana, zimeachana tu zenyewe kwa zenyewe, ndiyo maana ukipoa unarudi kuwa mshumaa. Sukari ni mkaidi zaidi: molekuli zake zimeshikana kwa nguvu kiasi kwamba kabla hazijaachana vizuri, joto linaanza kuzivunja zenyewe. Ile rangi ya asali ndiyo bondi zinazokatika, na sukari hiyo hairudi kuwa nyeupe.

Umeme niliupima kwa betri nne na kitaa chekundu kutoka redio mbovu. Nilianza na kijiko. Kitaa kiliwaka kwa ghadhabu nusu sekunde, kikafa. Fundi redio wa mtaani alinicheka, akanipa kingine na rezista, kidude cha kupunguza umeme, ya kukilinda. Chumvi kavu: giza. Maji ya sukari: giza. Maji ya chumvi: kikawaka, na waya wa upande hasi ukatoa vipovu. Ioni ni zilezile, ila kwenye chembe kavu zimefungwa mahali pake, kwenye maji zinatembea.

Kilichonifurahisha zaidi ni penseli. Niliichonga pande zote mbili, nikagusisha waya, kitaa kikawaka. Kaboni, na si metali! Kwenye grafiti, ile kaboni ya penseli, kila atomi imeshikana na tatu, elektroni ya nne inabaki huru kuzunguka ndani ya tabaka, na matabaka yenyewe huteleza, ndiyo yanayobaki kwenye karatasi ukiandika. Kwenye almasi, nayo kaboni, zote nne zimeshikwa. Almasi yote ni bondi za kovalenti, hakuna molekuli za kuachana, kwa hiyo lile jibu langu la "dhaifu" lilifia hapo.

Kwenye mtihani likaja swali la mchanga na kabonidioksaidi: zote oksidi, yaani zimeungana na oksijeni, zote kovalenti, mbona moja ni gesi na nyingine jiwe? Nilitabasamu peke yangu mle chumbani. Nikaandika kwamba kwenye gesi kila molekuli iko kivyake, na kwenye mchanga silikoni na oksijeni zimeungana mfululizo bila mwisho, hivyo kuuyeyusha ni kuvunja bondi zenyewe, kwenye nyuzi zaidi ya 1,700. Nilipata C. Kikaango nilimnunulia shangazi kingine.