Mpiga picha wa Hartford aliyeishia bungeni Liberia

Wiki hii nimemfuatilia Augustus Washington hadi macho yanauma. Mweusi huru, mzaliwa wa Trenton, New Jersey, alijifunza kupiga picha mwaka 1843 ili apate karo ya chuo cha Dartmouth. Karo ikamshinda hata hivyo. Akahamia Hartford, Connecticut, akafundisha shule ya watoto weusi, kisha 1846 akafungua studio.

Picha zile hazikuwa za karatasi, jamani. Ni bamba la shaba lililopakwa fedha, likafukizwa kwa mvuke wa iodini, halafu picha ikaibuliwa kwa mvuke wa zebaki. (Mapafu yake Mungu ndiye ajuaye.) Bamba moja, picha moja.

Mteja wake mmoja alikuwa mfanyabiashara wa sufu, John Brown, yule yule aliyenyongwa 1859 baada ya kuvamia ghala la silaha la serikali kule Harpers Ferry, Virginia, akitaka kukomesha utumwa. Kwenye picha Brown kanyoosha mkono juu kama anayekula kiapo, mwingine kashika bendera. Na ndevu hana! Nilizoea kumwona na midevu ya uzeeni, ikabidi niikuze picha kwenye simu.

Studio ilikuwa inalipa, lakini 1853 alifunga virago na familia kwenda Liberia; Marekani hakuona kesho ya mtu mweusi. Monrovia akawapiga picha maseneta, akalima miwa kando ya mto St. Paul, akaingia bungeni hadi kuwa Spika. Alifariki 1875. Picha za maseneta zipo Maktaba ya Bunge la Marekani, na mtandaoni zinaonekana bure.