Mizani Iliyokuwa Ikigandisha Kompyuta

Msimu wa korosho wa 2014 niliitwa kwenye ghala kuu moja nje kidogo ya mji wa Mtwara, kuangalia programu ya mizani iliyokuwa ikiganda kila jioni. Programu haikuwa yangu. Aliyeiandika alishahamia kazi nyingine, akaacha msimbo wa lugha ya programu ya C# usio na maelezo hata mstari mmoja.

Anayejua stakabadhi ghalani, mfumo wa kuweka mazao ghalani kwa risiti mpaka yauzwe mnadani, anajua pilikapilika za msimu. Malori ya AMCOS, vyama vya ushirika vya wakulima, foleni tangu alfajiri, vijana wa ukaguzi wanakata korosho za sampuli kutazama mbovu, makuli wanapandisha magunia mizanini, na mkulima kule kijijini anasubiri kilo zake ziingie sawasawa kabla ya mnada. Zikipungua, kesi. Kwa hiyo karani wa mizani, mama mmoja mkavu wa maneno, hakuwa na muda wa kunibembeleza.

"Mashine yako hii, baba, jioni inakata roho. Nikibonyeza Funga, basi tena. Nachomoa waya."

"Si yangu, mama."

"Wewe si ndiye fundi? Basi yako."

Nikakaa nyuma yake nitazame. Mizani ilikuwa imeunganishwa kwa kebo ya siriali na inatuma mistari mfululizo: herufi US gunia likiwa bado linayumba, ST likitulia, kisha uzito. Kwenye skrini namba zilikuwa zinacheza, mara 81.5, mara kisanduku cheupe, mara nusu ya namba. Mama hakuhangaika nazo. Alisoma kioo cha mizani yenyewe, akaandika kwenye daftari, kompyuta imebaki pambo.

Ile nusu ya namba ilikuwa jambo dogo. Mlango wa siriali, pale kebo inapoingia kwenye kompyuta, hauahidi kukuletea mstari mzima kwa mkupuo. Unakusanya vipande mpaka ufike mwisho wa mstari, ndipo unasoma. Nikalimaliza upesi.

Mengine yalinikalisha. Juu kabisa ya msimbo nilikuta CheckForIllegalCrossThreadCalls imewekwa false, yaani imezimwa. Katika Windows Forms, zana ya Microsoft ya kutengeneza madirisha ya programu, dirisha na vyote vilivyomo humilikiwa na uzi (mfululizo mmoja wa kazi ndani ya programu) ulioviunda, ilhali data za siriali hupokelewa na uzi mwingine wa nyuma. Uzi huo ukigusa kisanduku moja kwa moja ukiwa ndani ya dibaga, yaani programu ya kusaka makosa, unapigiwa kelele papo hapo. Jamaa alichoka na kelele akazima king'ora. Na hata asingekizima, king'ora hicho kwa kawaida hulia programu ikiwa ndani ya dibaga tu. Ghalani kingekaa kimya vilevile. Mstari ule nakutana nao mpaka leo kwenye kazi za watu, na sijawahi kuuheshimu.

Utaratibu wenyewe ulikuwa unafanyika mbele yangu. Kuli hashiki kalamu. Anatamka kilo, karani anaandika, na karani ni mmoja. Uzi wa nyuma nao ungetamka tu, ombi likae kwenye foleni ya uzi wa dirisha.

Ajabu ni kwamba jamaa alilijua hilo. Kwenye jumla ya kilo alitumia Invoke, na hiyo Invoke ndiyo iliyokuwa ikiua programu. Invoke hupeleka ombi kisha husimama kungoja litekelezwe. Mama anabonyeza Funga, uzi wa dirisha unaingia kwenye Close, amri ya kufunga mlango wa siriali, na Close inangoja msomaji, yaani ule uzi wa nyuma, amalize. Msomaji yuko ndani ya Invoke, anangoja dirisha. Wote wawili wamekwama. Mchana haitokei kwa sababu hakuna anayefunga.

Nilimwomba mama azime mizani kwanza, ndipo abonyeze Funga. Programu ikafunga bila shida. Tukawasha mizani, tukafungua tena, akabonyeza mizani ikiwa inatuma. Ikaganda.

"Kumbe ni mizani?" akauliza.

"Mizani haina kosa, mama. Ni wanavyosubiriana huko ndani."

Akanitazama kama mtu anayeuziwa kitu.

Nikafuta ule mstari wa false, na kila mahali uzi wa nyuma ulipogusa dirisha nikaweka BeginInvoke, ambayo hupeleka ombi na kuendelea na safari yake. Haitoshi peke yake: ombi linaweza kuja dirisha likiwa limeshavunjwa, na hapo programu inaanguka. Kwa hiyo kwenye Funga nikaanza kwa kumwondoa msomaji kwenye tukio la DataReceived, linalomwita kila data zinapofika, kisha mlango ukafungwa, na kabla ya kila ombi programu ikawa inaangalia kama dirisha bado lipo.

Jioni lori la mwisho liliposhusha, mizani ikiwa bado inawaka, mama akabonyeza Funga. Dirisha likaondoka. Akalifungua, akalifunga tena, akalifungua.

"Haya. Na hizi namba huwezi kuzikuza? Macho yangu haya si ya shule."

Nikazikuza. Akataka na rangi ya kijani.