Mama mdogo, nimeshiba

Tangu nifanyiwe upasuaji wa kupunguza uzito, watu huniuliza kuhusu kisu. Kiliuma? Kovu liko wapi? Hiyo ndiyo sehemu fupi kabisa ya habari yangu. Nililazwa, nikachomwa sindano ya usingizi, wakaingiza kamera na vifaa vyao kwenye matundu madogo ya tumbo. Nilipozinduka, zaidi ya robo tatu ya mfuko wa chakula ilikuwa imeshakatwa na kutolewa. Na hairudi.

Kazi ilianza kabla. Vipimo vya sukari, presha, moyo, vidonda vya tumbo. Kisha mtaalamu wa lishe akanifutia wali, chapati na kila kilichokaangwa kwa wiki mbili, nami nikanung'unika sana, hadi daktari aliponieleza kwamba shida ni ini. Ini lenye mafuta huvimba na kuulalia mfuko wa chakula, na yeye anafanya kazi kupitia tundu dogo. Likinywea, anapata njia. Baada ya hapo hata maharage ya nazi ya dada niliyapita bila kinyongo.

Ila hakuna kipimo cha kukuandaa kwa mashangazi.

Siku moja tulikuwa shughulini Mbagala. Mama mdogo kanijazia sinia la pilau, mapande ya nyama juu. Nikala kidogo, nikaweka kijiko chini. "Mwanangu, chakula changu hakijakupendeza?" Nikamwambia, "Mama mdogo, nimeshiba, wallahi." Hakuniamini, na namwelewa. Kwetu chakula kinachobaki humsema aliyepika. Siku hizi naomba kisahani cha watoto tangu mwanzo: nyama kwanza, naitafuna mpaka iwe laini kabisa, wali baadaye kama nafasi ipo. Maji siyagusi hadi ipite nusu saa baada ya kula.

Halafu kuna huku kukonda kwenyewe. Mtaani kwetu mwanamke akipungua haraka, watu hawasemi amependeza. Jirani mmoja alinivuta pembeni akaninong'oneza, "Dada, dawa umeshaanza?" Nikajibu ndiyo, nimeanza: madini ya chuma, kalsiamu, vitamini B12, na nitazimeza maisha yangu yote. Akanitazama kwa huruma ya kweli, nikashindwa hata kumkasirikia. Nywele nazo zilinipukutika miezi michache baada ya upasuaji, zikaupa umbea nguvu. Daktari alishanionya kwamba zingedondoka, na kwamba nyingi huota tena mwili ukizoea na protini ikitosha. Nilijifunga mitandio mizuri, basi.

Protini ndiyo hesabu ya kila siku. Niliambiwa nisishuke chini ya gramu 60. Yai moja lina kama 6, kwa hiyo mtu hawezi kutegemea mayai tu. Samaki, dagaa, mtindi, maharage yaliyopondwa. Uji, ambao kila mgonjwa kwetu huletewa kwa upendo, unajaza nafasi na kuacha protini kidogo sana. Nilimwomba dada awe ananiletea supu ya samaki.

Mwingine wa kumwogopa ni muuza duka la dawa. Ukimwambia mgongo unauma, mkono wake tayari uko kwenye diklofenaki. Mimi nimekatazwa jamii hiyo ya dawa kwa sababu huweza kuleta vidonda vya tumbo, kwa hiyo naomba panado na kujieleza upya kila mara. Jambo jingine nililokaririshwa ni kutapika: nikitapika mfululizo nisisubiri kupona nyumbani, nirudi hospitali, kwa kuwa mwili unaweza kuishiwa vitamini B1 upesi, na hapo mishipa ya fahamu huumia.

Sasa Ramadhani inakaribia. Iliyopita sikufunga, mwili ulikuwa bado mbichi, na mgonjwa ana ruhusa yake. Safari hii daktari ameniangalia, amekubali nijaribu, na nikisikia kizunguzungu nifungue. Tumepanga: magharibi maji kwa mafunda madogo, nisubiri, kisha samaki na kijiko cha viazi. Baada ya tarawehe maji tena, taratibu, mpaka nilale. Daku ni mtindi na yai. Tende nimeruhusiwa moja, maana sukari nyingi ikiingia kwa mpigo natoka jasho na moyo unakwenda mbio. Tambi za nazi nimeambiwa hapana, ila hilo mimi na mtaalamu wa lishe bado tunavutana.